Tuache Kuwafukiza Maharusi kwa Makaa ya Mafuta ya Taa



Tuliahidi wiki hii tuendelee na mishono ya mikono ya shela. Tutarudi huko inshaAllah. Leo tuna neno la moto. Namna tunavyowasha makaa kwenye shughuli zetu, ya kuchomea mishikaki uani na ya kufukizia udi chumbani, ni mbaya na ni ya hatari, na sisi wanawake ndio wenye kuiendeleza. Wanaume hawatatuachia hilo kwa kuwa si wao wanaokaa ndani na chetezo.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Mwaka jana tulimpelekea bi harusi mmoja gauni lake usiku wa kuamkia nikaha. Upindo haukukaa sawa, tukabaki tukiurekebisha. Chumba kidogo, kitanda kimejaa mabegi na zawadi, na ndani tupo wanawake tisa. Vyetezo viwili vinafuka, na pembeni imewekwa seredani nzima ya makaa ya kuongezea. Makaa yenyewe yaliwashwa uani kwa mafuta ya taa na mfuko wa plastiki, yakaletwa ndani nusu yake bado meusi, kwa sababu mtu alipiga kelele, "Leteni hayo hayo, tumechelewa!" Kiyoyozi kinafanya kazi, madirisha ya vioo yamefungwa, na chini ya mlango tumesukumia kanga ili udi usitoke.

Nani aliyesema mlango ufungwe, nguo ishike harufu? Sisi. Maneno hayo yalitoka kinywani mwetu, tena tuliyasema kwa kujigamba, kama watu wenye kujua kazi.

Haikufika saa moja, vichwa vikaanza. Mmoja akasema kichwa kinamgonga, mwengine akasema na yeye pia, tukacheka kwamba ni uchovu wa shughuli. Bi harusi akasema anasikia kichefuchefu. Shangazi yake akamwambia, "Njaa hiyo mwanangu, maharusi hamli." Alipoinuka ili avae, magoti yakamwisha nguvu, akaangukia zawadi zake.

Mnajua kilichofuata. "Kijicho!" "Kuna mtu kamtazama!" Mmoja akaanza kusoma. Mwengine, Allah amsamehe na atusamehe sote, akatia ubani kwenye chetezo ili kumfukuza alichonacho. Mtu anazimia kwa sababu ya moto uliomo chumbani, na sisi tunaukoleza moto ule ule.

Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mdogo wake wa miaka 12, aliyefungua mlango kuja kuuliza ufunguo wa kabati. Hewa ikaingia. Tukamburura bi harusi mpaka ukumbini, akafumbua macho. Spitali swali la kwanza la muuguzi lilikuwa, "Mlikuwa na makaa ndani?" Akatiwa oksijeni mpaka alfajiri. Nikaha ilisogezwa, na alhamdulillah leo ni mzima, yuko kwake. Lakini mama yake alikaa usiku kucha kwenye benchi la spitali, hina mkononi, na hakutwambia neno hata moja. Afadhali angetutukana.

Kisomo hakikatazi kufungua dirisha

Hatukatai kijicho. Husuda ipo, na dini yetu imetufundisha kujikinga nayo kwa dua. Lakini ile hadithi ya ngamia tunaijua sote tangu chuoni: kwanza unamfunga, kisha unategemea. Kumsomea mtu ndani ya chumba kilichojaa hewa mbaya huku mlango umefungwa ni kumwacha ngamia bila kamba.

Makaa yanapowaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila kubeba kile tunachokihitaji ili tuishi. Dalili zake ndizo zile tulizozicheka: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, usingizi. Mtu akilala humo, huenda asiamke. Na mwenye mimba ana hatari mbili, kwa sababu mtoto tumboni huumia na hewa hiyo hata kabla mama hajaonekana kuumwa sana. Ni shughuli gani ya kwetu isiyokuwa na mama mjamzito mle chumbani?

Kuna fikra moja tunataka kuing'oa kabisa. Wengi tunaamini makaa yakishaacha kutoa moshi na yakawa mekundu, basi yako salama. Sivyo. Moshi ukiisha, kilichoisha ni kile unachokiona. Hewa ile mbaya inaendelea kutoka kwenye kaa jekundu zuri lisilo na moshi hata kidogo, na inatoka mpaka kaa lizimike. Ndiyo maana seredani haikai chumbani, hata iwe imekolea vipi, na hata dirisha moja liwe wazi.

Mtume wetu (SAW) ametukataza kuacha moto unawaka nyumbani tunapolala. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ilitokea nyumba moja Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani, naye akawaonya watu kuwa moto ni adui. Sisi hatutoi fatwa, wenye elimu wapo. Lakini amri hiyo iko wazi, na tunaivunja kila mara tunapomwachia bi harusi chetezo chini ya kitanda "ili alale na harufu".

"Bibi zetu walifanya hivyo hivyo"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila tukisema. Basi tulitazame.

Bibi zetu walifukiza kwenye nyumba gani? Nyumba za mjini zilikuwa na dari ndefu, ua katikati, na madirisha ya mbao yasiyozuia upepo. Nyumba za shamba ziliezekwa makuti, na hewa ikipita juu na chini. Leo tunafukiza kwenye chumba chenye dari ya chini, dirisha la aluminiamu lililobana, na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile. Chetezo ni kile kile, chumba sicho.

Na bibi zetu hawakuwasha chetezo kwa mafuta ya taa. Waliwasha kwa makumbi na vifuu vya nazi, nje, wakapepea kwa pepeo la ukindu, wakasubiri. Tukiitaja mila tuitaje yote. Tumeshika harufu, tukaacha subira.

"Hatuna muda"

Mpambaji tunamsubiri saa tatu na hatusemi kitu. Hina tunakaa nayo mikono juu mpaka ikauke. Singo hatuliharakishi, tunajua ngozi haidanganywi. Lakini makaa, ambayo yanahitaji dakika 15 mpaka 20 tu, ndiyo tunayoyamwagia mafuta.

Tuseme kinachotokea. Kaa lina vitundu vidogo vidogo kama sifongo, na mafuta ya taa hunywewa mpaka ndani. Moto wa juu ukishatulia, ndani bado mna mafuta yanayotoka kidogo kidogo, yakichanganyika na udi wako wa bei. Sisi wa cherehani tunayajua haya vizuri, kwa sababu magauni yanarudi kwetu kupunguzwa au kuuzwa tena, na tukiyafungua tu, chini ya harufu ya udi tunasikia mafuta ya taa. Kitambaa cha poliesta kinayapenda mafuta na hakiyaachii upesi, unafua na harufu ipo. Dada unalipa pesa nyingi kwa udi, kisha unakwenda kwa mume ukinukia kibatari.

Ya uani ni hayo hayo. Mishikaki iliyolowekwa usiku kucha kwa tangawizi, ukwaju na pilipili, unaitia juu ya makaa yanayotoa mvuke wa mafuta ya taa. Mgeni akisema nyama ina ladha ngeni, tunamlaumu mwenye bucha.

Na hatari ya kuungua? Wengi wa wanaoungua hawaungui wakati wa kumwaga mara ya kwanza. Wanaungua pale moto unapoonekana kufifia, mtu akachukua chupa na kuongeza. Makaa ya moto huyageuza mafuta kuwa mvuke, mvuke unashika, na moto unapanda mpaka kwenye chupa iliyo mkononi. Petroli ndiyo usiiguse kabisa. Na ile chupa yenyewe, mara nyingi ni chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa jirani akiiona pembeni na kiu yake, anakunywa. Akishakunywa msimtapishe, mkimbizeni spitali, kwani mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni.

Mfuko wa plastiki nao, wa kuwashia, hebu tuuache. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki tangu 2006, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Bado mtu anautafuta wa zamani chini ya godoro ili auchome chini ya chakula cha wageni. Moshi wake ni sumu kwa anayepepea, na majimaji yake yanaganda kwenye makaa.

Basi tuwashe vipi?

Hatukuja kukataza tu. Njia ipo, na haina gharama kubwa.

Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, lisilo na plastiki ndani. Kata juu na chini liwe wazi pande zote, kisha toboa matundu kuzunguka sehemu ya chini. Lichome mara moja likiwa tupu, nje, rangi iungue na kuisha. Usitumie kipande cha bati la kuezekea, kwa sababu lile limepakwa zinki na likipata moto mkali moshi wake hudhuru.

Simamisha kopo ndani ya seredani, uani, mbali na makuti na nguo zilizoanikwa. Chini tia nyuzi za makumbi makavu au karatasi iliyokunjwa, juu yake vipande vya vifuu, kisha makaa madogo madogo mpaka karibu na mdomo. Washa kwa chini kupitia matundu. Hewa ya moto inapanda, na hewa mpya inavutwa chini kuingia, kwa hiyo kopo linajipepea lenyewe. Mwanzoni moshi utakuwa mwingi, hilo lisikutishe, ndiyo sababu uko nje. Baada ya dakika 15 mpaka 20 makaa ya juu yataanza kushika jivu jeupe. Liinue kopo kwa koleo, makaa yamwagike kwenye seredani.

Kama hamna kopo, yapangeni makaa kama kichuguu juu ya vifuu na mpepee. Itachukua muda zaidi, lakini yatashika.

Makaa yawe makavu. Wakati wa masika gunia likilowa, makaa hufoka, hutoa mvuke, na mengine hupasuka na kurusha vipande. Hapo ndipo watu hukimbilia mafuta ya taa. Yaanikeni siku mbili kabla ya shughuli, au yatieni ndani mapema.

Kwa nyama, subiri mpaka makaa yote yawe na jivu jeupe juu. Kaa jeusi likipata mafuta ya nyama hutoa moshi mchungu na ndimi za moto, nyama inaungua nje na ndani mbichi.

Kwa udi ni vivyo hivyo, na hapa mtapenda kusikia. Udi wetu wa kutengeneza nyumbani una sukari. Ukiuweka juu ya kaa kali lisilo na jivu, sukari inaungua kwa dakika moja, unapata moshi mweusi wa sukari iliyoungua, na mawardi na sandali yote yamepotea. Ukiuweka juu ya kaa lililovaa jivu, moto ni wa taratibu, na harufu inatoka moja baada ya moja. Kwa hiyo anayesubiri dakika 20 anapata harufu nzuri zaidi na anatumia udi kidogo zaidi.

Kuna yale makaa ya vidonge ya duara yanayouzwa madukani. Yamechanganywa na dawa ya kuyafanya yashike haraka, na mwanzoni hurusha cheche. Yawasheni nje pia. Nayo hutoa hewa ile ile, udogo wake usiwadanganye. Mwenye chetezo cha umeme amepata afueni ya hewa ya makaa, ila moshi wa udi bado ni moshi, na dirisha bado lifunguliwe.

Neno la fundi kuhusu nguo

Hili ni letu, mtusikilize. Chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa, ushike kwa kibano na uwashe. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri hunuka nywele. Poliesta na nailoni hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu. Sasa magauni mengi ya harusi tunayoshona, shifoni, satini, neti ya shela, ni poliesta. Yakishika moto hayageuki jivu tu, yanayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Na sisi tunamsimamisha bi harusi juu ya chetezo, gauni la mita nyingi limemzunguka, halioni linapogusa. Cheche moja inatosha. Tumeshaziba matundu ya cheche kwa lulu na maua mara nyingi mno, tukamwambia mwenyewe ni urembo. Tumechoka kuyaziba.

Kwa hiyo: nguo ifukizwe peke yake, juu ya tenga, makaa yakiwa na jivu na mtu mzima amekaa pale, kwenye ukumbi au baraza lenye upepo. Bi harusi afukizwe akiwa na kanga ya pamba, kabla ya kuvaa, mlango na madirisha wazi, kwa dakika chache. Kisha chetezo kitoke nje. Chumba kikitaka harufu, kifukizwe hakina mtu, makaa yatolewe, hewa ipite kidogo, ndipo watu waingie. Harufu ya udi mzuri haikimbii kwa dakika kumi za dirisha.

Mambo ya kumwambia somo wako mapema

Maharusi wengi mnaona haya kumkosoa somo au shangazi. Adabu ni nzuri, endeleeni nayo. Lakini mwambieni kwa upole, wiki moja kabla, si usiku ule:

Makaa yawashwe uani, bila mafuta ya taa, bila plastiki.

Seredani isiingie chumbani kwa sababu yoyote, hata mvua ikinyesha.

Chetezo kiwe na mtu wa kukiangalia, na kitoke kabla ya watu kulala.

Mtu akisema kichwa kinamuuma, asichekwe. Wote watoke nje, milango ifunguliwe. Akilegea au akizimia apelekwe spitali, na daktari aambiwe kulikuwa na makaa, maana asipoambiwa anaweza kutafuta malaria.

Mtu akiungua, maji safi ya bomba yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta ya nazi.

Mkiona ugumu kuyasema wenyewe, mtumieni somo maneno haya na mtupe lawama sisi. Tutazibeba. Tulishabeba nzito zaidi, usiku ule, tulipomtazama mama wa watu kwenye benchi.

Tangu siku hiyo dukani kwetu tuna sharti. Tukileta gauni na tukakuta seredani chumbani, hatufungui mfuko wa nguo mpaka itoke. Wengine wamekasirika, wamesema tumejifanya madaktari na sisi mafundi cherehani tu. Ni kweli, sisi ni mafundi cherehani. Lakini gauni la harusi tunalishona ili lichezewe ukumbini, na hatutaki tena kulikata kwa mkasi usiku wa manane ili mwenyewe apate kupumua.

Allah awahifadhi maharusi wetu wote, azijaalie nyumba zenu harufu njema na hewa safi, na atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua. Amin.

Wiki ijayo inshaAllah, mikono ya shela.